Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

  Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mara hii sikuandika shairi kama mwaka jana. Nimeona niwaeleze jambo lililozua ubishi mkali darasani mwetu muhula uliopita, hata kiranja akaanza kuandika majina ya wapiga kelele. Ubishi wenyewe haukuhusu Gor Mahia wala AFC Leopards. Ulihusu futiboli ya Kimarekani! Wavulana, msicheke. Najua mnadhani msichana hana la kusema katika mambo haya, lakini nipeni nafasi kwanza.

Swali lilikuwa hili: kijana aliyetia fora chuo kikuu huko Marekani akicheza nafasi ya kwotabeki, je, ni lazima atie fora pia akiingia ligi ya kulipwa? Upande mmoja ulisema hapana shaka, kwani wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Upande wa pili, ambao nilikuwamo, ulisema asubuhi ya Marekani ina mawingu mengi. Mlezi wa chama aliposikia makelele akatuambia tuandike badala ya kupayuka, mradi tuandike kwa Kiswahili kinachoeleweka. Basi mimi nimeandika.

Mengi ya haya nimeyapata kwa mjomba wangu aliyefanya kazi Minnesota kwa miaka minane. Tangu arudi nyumbani hajaacha kuifuata ligi hiyo. Mechi za Jumapili mchana kule huanza hapa kwetu ikiwa saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao, nami nikimaliza kazi ya ziada huketi naye nikamwuliza maswali mpaka achoke.

Hebu kwanza tuuelewe mchezo, maana bila hivyo tutapigana na kivuli. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, kama kandanda yetu. Mpira una umbo la yai, kama ule wa raga. Lakini katika raga ni haramu kuurusha mpira mbele, ilhali kwa Wamarekani timu inayoshambulia inaruhusiwa kuurusha mbele mara moja katika kila jaribio. Timu hupewa majaribio 4 ili isogee yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine 4, na ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Uwanja ni yadi 100 kutoka mstari mmoja wa bao hadi mwingine, kwa hivyo ni safari ndefu ya kusukumana kama watu walio kwenye foleni ya matatu wakati wa mvua.

Sasa kwotabeki ndiye anayepewa mpira karibu kila jaribio linapoanza. Yeye ndiye huamua: aurushe kwa mdakaji aliye mbali, aurushe kwa aliye karibu, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wamesimama wenzake watano wenye miili kama makabati, wanaofanya ukuta wa kumkinga. Nyuma ya ukuta huo ana sekunde mbili au tatu hivi. Zikiisha, jitu la upande wa pili linamwangukia. Akirusha vibaya, adui anaunasa mpira na mambo yanageuka. Mjomba anasema hakuna nafasi nyingine katika michezo yote ambapo timu nzima inamtegemea mtu mmoja kiasi hicho. Mimi ninaona golikipa anakaribia, lakini tuyaache hayo.

Ligi ya kulipwa inaitwa NFL, na ina timu 32. Kila timu huanza mechi na kwotabeki mmoja tu. Piga hesabu mwenyewe: ni nafasi 32. Vyuo vikuu vya daraja la juu vinavyocheza mchezo huu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kina kwotabeki wake ambaye mama yake na kijiji chake kizima wanaamini atakuwa tajiri. Kwa hiyo wengi wataachwa nje hata wawe hodari vipi, na hao hatuwazungumzii. Tunawazungumzia wale waliochaguliwa, tena wakachaguliwa wa kwanza, kwa vifijo na vigelegele.

Uchaguzi wenyewe hufanyika kila mwaka mwezi wa Aprili, kwa raundi 7. Timu zinapokezana kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na iliyovurunda kuliko zote msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza. Wanafanya hivyo ili wanyonge nao wainuke. Ni utaratibu wa haki ukiutazama kwa upande wa timu. Kwa upande wa kijana, maana yake ni kwamba aliye bora kuliko wote anapelekwa kwenye timu mbovu kuliko zote. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Sasa tuwatazame nyota wa asubuhi. Tangu mwaka 1935 Wamarekani wana tuzo iitwayo Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo kila mwaka, na mara nyingi anayeipata siku hizi ni kwotabeki. Wa kwanza kabisa kuipata alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1936 ligi ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa. Je, wajua alicheza mechi ngapi za NFL? Sufuri. Hakukubaliana nao kuhusu malipo, akashika kazi nyingine. Yaani ugomvi huu wetu ulianza siku ile ile uchaguzi ulipoanza!

Waliomfuata si haba. Charlie Ward wa Florida State aliipata tuzo hiyo mwaka 1993 na timu yake ikawa bingwa wa taifa, lakini mwaka 1994 hakuna timu hata moja ya NFL iliyomchagua, akaenda kucheza mpira wa vikapu na New York Knicks. Jason White wa Oklahoma, aliyeshinda mwaka 2003, hakuchaguliwa pia. Tim Tebow wa Florida alishinda tuzo mwaka 2007, na timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo katika misimu ya 2006 na 2008. Huyo alipendwa kama mwimbaji wa nyimbo za injili. Denver walimchukua mwaka 2010, na Januari 2012 aliwasaidia kuwatoa Pittsburgh katika mechi ya mtoano. Hata hivyo baada ya msimu wa 2012 hakucheza tena mechi rasmi ya ligi. Naye Johnny Manziel wa Texas A&M alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kwanza kabisa kuipata tuzo hiyo, mwaka 2012. Cleveland walimchukua mwaka 2014, na kufikia Machi 2016 walikuwa wamemwacha.

Lakini kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha mwaka 1998. Mwaka huo makwotabeki wawili walikuwa juu kabisa: Peyton Manning wa Tennessee na Ryan Leaf wa Washington State. Watu walibishana kama sisi darasani, nani achukuliwe kwanza. Indianapolis wakamchukua Manning wa kwanza, San Diego wakamchukua Leaf wa pili. Leaf alishinda mechi zake mbili za mwanzo, watu wakashangilia. Mechi ya tatu, dhidi ya Kansas City, alirusha mara 15 na ukadakwa mpira mmoja tu, kwa yadi 4. Tangu hapo mambo yakaenda mrama. Katika maisha yake yote ya NFL alirusha mabao 14, na mipira 36 ikanaswa na maadui. Kufikia mwaka 2002 alikuwa amestaafu akiwa na umri wa miaka 26. Baadaye alitumbukia katika dawa za kulevya na kufungwa jela, na alipotoka amekuwa akisimulia mambo yake hadharani ili kuwasaidia wengine. Nilipoyasikia hayo nilinyamaza kidogo. Tukiwa darasani tunasema tu "alifeli" kama vile ni alama ya hesabu, kumbe ni maisha ya mtu.

Na Manning? Hapa ndipo watu wengi hawajui. Msimu wake wa kwanza mipira yake 28 ilinaswa, rekodi ya aibu kwa mchezaji mgeni, na timu ikashindwa mechi 13 kati ya 16. Kama angepimwa kwa mwaka huo peke yake, angesemwa sawasawa na Leaf. Indianapolis wakamvumilia. Alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara 5, na akashinda fainali kuu, yaani Super Bowl, mara 2 akiwa na timu mbili tofauti.

Nilimwuliza mjomba, "Mjomba, mbona wakubwa wote hao wenye pesa na darubini wanakosea? Si wanawaona vijana wakicheza miaka mitatu minne?"

Akanijibu, "Sikiliza, mama. Wanawaona wakifanya kazi nyingine."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, nami tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza. Nimeona ni kweli. Mchezo ni mmoja kwa jina, lakini kazi ya kwotabeki chuoni na kazi yake katika ligi ya kulipwa zinatofautiana kama kuogelea bwawani na kuogelea bahari kuu.

Chukua kwanza wapinzani. Katika timu ya chuo walinzi watakaokuja kulipwa ni wachache, pengine mmoja au wawili, na katika vyuo vingi hakuna hata mmoja. Katika NFL wote 11 ni wale waliokuwa bora vyuoni kwao. Tena vyuo vikubwa hukusanya vijana wenye nguvu kutoka kila pembe, hivi kwamba ukuta wa chuo kama hicho huwameza wapinzani. Kwotabeki anasimama nyuma yake ametulia kama mzee anayesubiri chai, anamwona mdakaji wake amebaki peke yake kama mlingoti wa bendera, anamrushia. Nani hawezi? Kule kwa watu wazima mdakaji hawi peke yake. "Wazi" maana yake amemzidi mlinzi kwa mkono mmoja, kwa muda wa kupepesa jicho. Mpira sharti uondoke mkononi kabla mdakaji hajageuka, uende mahali ambapo hayupo bado. Ukisubiri umwone yuko wazi, umeshachelewa.

Halafu kuna jambo la kusoma, ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Kabla mpira haujaanza, kwotabeki huwatazama walinzi wamejipangaje, akabashiri watafanya nini, na pengine akabadilisha mpango wote kwa kupiga kelele. Walinzi nao ni wajanja, wanajipanga hivi ili wafanye vile. Sasa vyuo vingi vimekuwa vikicheza kwa haraka bila kukutana. Wachezaji husimama tayari, kisha wote wanageuka kutazama pembeni, ambako watu wameinua mabango yenye picha za ajabu ajabu. Kocha ndiye anayeusoma ulinzi na kuchagua, kijana kazi yake ni kutii. Katika NFL, tangu mwaka 1994, kocha anaruhusiwa kuzungumza na kwotabeki kwa kiredio kidogo kilichomo ndani ya kofia. Lakini saa ya kuhesabu ikifika sekunde 15, sauti inakatwa. Kuanzia hapo ni yeye na Mungu wake. Vyuo vya daraja la juu vimeanza kukitumia kiredio hicho mwaka 2024, hivyo huenda mambo yakabadilika.

Hata uwanja wenyewe una hila zake. Ipo mistari miwili midogo midogo inayoonyesha mpira utaanzia wapi. Chuoni mistari hiyo imeachana kwa futi 40, na katika NFL ni futi 18 na inchi 6. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini mpira ukianzia pembeni huko chuoni, upande mmoja unabaki na nafasi pana kama shamba la mahindi baada ya mavuno, na wakimbiaji wenye kasi wanapata pa kukimbilia. Kwa wanaolipwa, mpira karibu wakati wote uko katikati na walinzi wanafika kila mahali.

Kwa hiyo wapimaji wanaona nini? Wanaona mkono una nguvu, wanapima urefu, wanapima mbio kwa saa, wanahesabu ushindi. Kile ambacho kitamwinua au kumzamisha kijana, yaani kuona na kuamua akiwa anakimbizwa, chuo kimekificha. Wala si kwamba ushindi chuoni unaonyesha mengi. Patrick Mahomes akiwa Texas Tech mwaka 2016 alirusha yadi 734 katika mechi moja dhidi ya Oklahoma, na bado timu yake ilipoteza 66 kwa 59. Msimu huo walishinda mechi 5 wakapoteza 7. Mwaka 2017 Chicago walimchukua Mitchell Trubisky wa pili, na Mahomes akachukuliwa wa kumi na Kansas City. Kansas City hawakumharakisha. Walimketisha karibu mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, akacheza mechi moja tu ya mwisho. Tangu hapo ameshinda Super Bowl ya Februari 2020, ya 2023 na ya 2024. Aaron Rodgers naye alikaa benchi miaka mitatu Green Bay, kuanzia 2005, akimtazama Brett Favre.

Sasa najua wenzangu wa upande wa pili watasema, "Na Tom Brady je?" Maana huyu ndiye kila mtu humtaja. Ni kweli, alitoka Michigan mwaka 2000 akachaguliwa wa 199, raundi ya sita, baada ya makwotabeki wengine sita. Mwaka 2001 kwotabeki wa New England, Drew Bledsoe, akaumizwa, Brady akaingia, na alipostaafu mwaka 2023 alikuwa na Super Bowl 7. Kurt Warner hakuchaguliwa kabisa mwaka 1994. Alifanya kazi ya kupanga bidhaa katika supamaketi usiku, na katika msimu wa 1999 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa. Visa hivi ni vitamu, lakini nawaomba msidanganyike navyo. Kwa kila Brady mmoja wapo wengi waliochaguliwa raundi ya sita ambao hawakurusha hata mpira mmoja. Kwa jumla wanaochaguliwa mapema hufanya vizuri zaidi kuliko wanaochaguliwa mwisho. Joe Burrow alipata tuzo ya Heisman mwaka 2019, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2020, na Februari 2022 akaifikisha Cincinnati fainali. Cam Newton vivyo hivyo: tuzo mwaka 2010, wa kwanza mwaka 2011, mchezaji bora wa ligi msimu wa 2015. Kwa hivyo sisemi nyota ya asubuhi ni uongo. Ninasema haitoshi.

Na kutotosha kwake kunagharimu. Sam Bradford alipochaguliwa wa kwanza mwaka 2010, aliahidiwa dola milioni 50 hata kabla ya kurusha mpira. Hiyo ilizidi, na mwaka 2011 sheria ikabadilishwa malipo ya wageni yakapunguzwa. San Francisco mwaka 2021 walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wasogee juu wamchukue Trey Lance, kijana aliyekuwa amecheza kidogo sana chuoni. Alianza mechi 4 tu, akavunjika kifundo cha mguu, na mwaka 2023 wakamwuzia Dallas. Wakati huohuo, katika uchaguzi wa 2022, kama kwa utani, timu hiyo hiyo ilimchukua Brock Purdy wa Iowa State, mtu wa 262, wa mwisho kabisa katika orodha nzima. Wamarekani humpa wa mwisho jina la dhihaka la Bwana Asiye na Maana. Basi huyo Asiye na Maana alikuwa amecheza miaka minne chuoni, ameona kila aina ya ulinzi, na Februari 2024 aliwafikisha fainali, wakashindwa na Kansas City kwa 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza.

Lipo jambo jingine ambalo halipendezi kulisema lakini ni kweli. Kuna nyota zilizoonekana asubuhi, tena zikang'aa, ila watazamaji hawakutaka kuziona. Warren Moon, Mmarekani mweusi, aliiongoza Washington kushinda Rose Bowl Januari 1978, naye akatangazwa mchezaji bora wa mechi hiyo. Miaka hiyo iliaminika kwamba mtu mweusi anaweza kukimbia na kudaka, lakini kazi ya kufikiri waachiwe wengine. Makwotabeki wengi weusi waliambiwa wabadilishe nafasi. Hakuna timu ya NFL iliyomchagua Moon. Akaenda Kanada, akacheza na timu ya Edmonton, wakatwaa kombe la nchi ile mara 5 mfululizo, 1978 hadi 1982. Mwaka 1984 ndipo Houston wakamleta nyumbani kwa heshima. Mwaka 2006 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo, kwotabeki mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Ungedhani somo lilieleweka. Wapi! Lamar Jackson alipata tuzo ya Heisman mwaka 2016 akiwa Louisville, lakini mwaka 2018 bado walikuwapo waliosema heri awe mdakaji. Akakaa akingoja hadi nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, Baltimore wakamchukua. Katika msimu wa 2019 alikuwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, bila hata moja kupotea, na wa 2023 akawa tena. Ukimwuliza mjomba kuhusu Lamar utalala saa sita.

(Kwa wanaojiuliza kuhusu Wakenya: yupo Daniel Adongo, mchezaji wa raga, aliyejiunga na Indianapolis mwaka 2013 bila ya kuwa amecheza mchezo huo hata siku moja. Alikuwa mlinzi, si kwotabeki, kwa hivyo nimemtaja kwa fahari tu.)

Sasa niseme langu. Wenzangu hudhani kijana hufaulu au kufeli kwa kilicho ndani yake peke yake. Mimi naona nusu ya jibu iko kwa aliyempokea. Josh Allen alipotoka shule ya upili hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alianzia chuo kidogo California, ndipo akapata nafasi Wyoming. Huko, katika kila mipira 100, kama 56 tu ndiyo iliyodakwa, na watu walisema mtu asiyelenga shabaha chuoni hawezi kujifunza ukubwani. Buffalo wakamchukua wa saba mwaka 2018. Mwaka wa kwanza akawa mbaya zaidi, asilimia 52.8. Wakamfundisha kusimamisha miguu vizuri, wakamjengea ukuta, na mwaka 2020 wakamletea mdakaji hodari, Stefon Diggs. Mwaka huo akafika asilimia 69.2, na katika msimu wa 2024 ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi. Sam Darnold, aliyechaguliwa wa tatu mwaka huohuo wa 2018, alipelekwa New York Jets, akahangaika, akauzwa, akazungushwa timu baada ya timu hata watu wakamsahau. Alipofika Minnesota, kwa kocha aliyejua kumtumia, akashinda mechi 14 katika msimu wa 2024. Mkono ni uleule! Mjomba, mtu wa Minnesota, karibu avunje meza ya mama yangu kwa furaha.

Sisi wenyewe tuliopangiwa shule kwa alama za mtihani mmoja tunaelewa kidogo jambo hili, au sivyo? Lakini nisitoke nje ya mada, mhariri atanikata.

Nimeweka mwishoni kisa kinachonisadikisha kuliko vyote. Ni cha ndugu wawili, David na Derek Carr, baba mmoja mama mmoja, na wote wawili walikuwa makwotabeki wa chuo kimoja, Fresno State. David ni mkubwa. Mwaka 2002 alichaguliwa wa kwanza kabisa Marekani nzima, na timu iliyomchukua ilikuwa Houston Texans, timu mpya iliyokuwa inaanza kutoka sufuri. Haikuwa na ukuta. Msimu huo wa kwanza aliangushwa chini mara 76 katika mechi 16, karibu mara tano kila mechi, rekodi ambayo hakuna anayeionea wivu. Mwaka 2005 akaangushwa mara 68. Mtu akiangushwa hivyo hujifunza kuutazama mguu wa anayemjia badala ya mdakaji wake. Mwaka 2007 Houston walimwacha, na tangu hapo akawa mtu wa akiba katika timu za wengine.

Derek aliyaona yote hayo akiwa mtoto nyumbani. Mwaka 2014 yeye alichaguliwa wa 36, raundi ya pili, na Oakland Raiders. Hao nao walikuwa timu dhaifu, walishindwa mechi 13 mwaka huo, lakini ukuta wao ulisimama, na Derek akaanza mechi zote 16 bila kukaribia hata kidogo hesabu ya kaka yake ya kuangushwa. Aliitwa katika mechi ya nyota wa ligi mara 4, akacheza Raiders misimu 9 na New Orleans misimu 2, akastaafu mwaka 2025 kwa jeraha la bega.